Kiwanja Kimoja Kati ya Kumi

Katika Dar es Salaam neno "pori" halitulii mahali pamoja. Waliohamia Sinza mwishoni mwa miaka ya 1970 waliulizwa na jamaa zao wa Kariakoo na Magomeni iwapo huko waendako hakuna fisi. Walionunua Mbezi miaka ya 1980 waliulizwa hivyo hivyo, kisha wa Goba, kisha wa Bunju. Sasa swali limefika Chanika, Mbopo na Kibamba, na limeshavuka mpaka wa mkoa. Kila kizazi hulipokea kwa kucheka, na kila kizazi huishi hadi kuona lami, duka la dawa na foleni ya magari mahali palipoitwa pori. Ndiyo maana wakazi wa jiji hili wana imani moja isiyotikisika: wewe tangulia tu, mji utakufuata.

Imani hiyo ni kweli kwa nusu. Mji hufuata, na ushahidi wa hilo umejaa kila upande. Kinachosahauliwa ni kwamba mji unapofika hauji mikono mitupu. Unakuja na bomba la maji, mtaro, nguzo za umeme, basi, gari la zimamoto, na watoto mia nne wanaotaka shule ya msingi. Vyote hivyo vinahitaji upenyo wa kupitia na mahali pa kukaa. Ukifika ukakuta upenyo umeshauzwa, unasimama barabarani kama mgeni aliyefika kwenye nyumba isiyo na mlango.

Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 272,821 mjini Dar es Salaam. Sensa ya 2012 iliwapata 4,364,541 katika mkoa, na ya 2022 ikawapata 5,383,728. Ongezeko la watu milioni moja kwa miaka kumi si dogo, lakini hesabu inayostahili kutazamwa zaidi ni ya jirani. Mkoa wa Pwani, wenye Kibaha, Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo, ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye walikuwa 2,024,947. Jiji limemwagikia huko. Wako watu wengi wanaoamka alfajiri kwenda kazini Posta au Kariakoo, wanaojitambulisha kokote waendako kuwa ni watu wa Dar, ilhali diwani wao na ofisi yao ya ardhi wako mkoa mwingine kabisa. Ukingo wa jiji, mahali ambapo mipango inahitajika kuliko kwingine kote, umetoka nje ya ramani ya wale wanaolipangia jiji.

Ramani zenyewe hazikukosekana. Mpango kabambe wa 1949 ulichorwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya London. Wa 1968 ulichorwa na Project Planning Associates ya Toronto. Wa 1979 na Marshall Macklin Monaghan, nao Wakanada. Huo wa mwisho ulitazama mbele miaka ishirini. Miaka ishirini ikaisha, ukapita muda mrefu kabla ya mpango mpya unaotazamia mwaka 2036, na katika muda huo idadi ya watu iliongezeka zaidi ya maradufu. Jiji halikungoja. Lilijipanga lenyewe.

Maandishi ya serikali na ya vyuo huita matokeo yake "makazi holela", na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba asilimia 70 au zaidi ya wakazi wa jiji wanaishi humo. Neno holela linaonea. Anayelitumia ajaribu kwenda kununua kipande cha shamba pembezoni mwa jiji, aone kama kuna holela. Mwenye shamba la mikorosho, mara nyingi la urithi, anataka kuuza kwa sababu ya ada, ugonjwa au mirathi. Dalali anamleta mnunuzi. Kinapimwa kipande, kwa futi ya fundi au kwa hatua za miguu, na kipimo kinachotajwa zaidi ni ishirini kwa ishirini. Majirani wa pande zote nne wanaitwa washuhudie mipaka, na mipaka inapandwa minyaa au michongoma. Hati ya mauziano inaandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anayegonga muhuri na kuchukua sehemu yake, ile ambayo kila mtu huiita asilimia kumi ingawa hakuna aliyeitungia sheria. Wilbard Kombe wa Chuo Kikuu Ardhi na Volker Kreibich wa Dortmund wamechunguza kwa miaka mingi namna makazi haya yanavyojiendesha, na picha inayotoka katika kazi yao ni ya jamii yenye kanuni, mashahidi na viongozi wanaoheshimiwa. Mtu hawezi kuuza kiwanja kimoja mara mbili akabaki na uso mbele ya majirani hao.

Kasoro iko kwingine. Utaratibu huo unamtambua muuzaji, mnunuzi, jirani na shahidi. Haumtambui mpitaji. Mtu atakayepita hapo miaka kumi baadaye akiwa amebebwa kwenye kitanda cha wagonjwa, au akisukuma toroli la matofali, au akiwa maji ya mvua tu yanayotafuta bonde, hana shahidi wala muhuri.

Hesabu yake ni fupi na inafaa kufanywa, kwa kuwa haionekani kufanywa mara nyingi. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Kiwanja cha ishirini kwa ishirini kina mita za mraba 400. Ukigawa, unapata viwanja kumi na salio la mita 47, yaani ua mdogo wa kuanikia nguo. Sasa kata barabara ya upana wa mita 6 katikati ya ekari hiyo kutoka upande hadi upande. Barabara itakula mita za mraba zinazokaribia 380, karibu kiwanja kizima. Kwa mwenye shamba, basi, barabara ina bei inayojulikana: ni kiwanja kimoja kati ya kumi. Mita 6 zenyewe ni kidogo, magari mawili yakipishana hapo hakuna nafasi ya mtaro. Shirika la UN-Habitat limependekeza kwamba asilimia 30 ya ardhi ya mji iwe barabara na njia. Katika ekari yetu hiyo ni viwanja vitatu. Uwanja wa watoto bado haujatajwa, wala shule, wala zahanati, wala makaburi.

Nani atalipa viwanja hivyo vitatu? Mwenye shamba akiviacha kwa hiari, jirani yake asiyeacha kitu atauza kumi, na wateja wa jirani watapita kwenye barabara ya yule aliyeacha. Mnunuzi naye halipi zaidi kwa sababu ya upana wa njia, kwani siku anaponunua pembeni yake hakuna nyumba na anaweza kupita popote. Njia ni nyembamba baadaye, siku ambayo muuzaji ameshazitumia fedha na mwenyekiti wa mtaa amebadilika. Hakuna uovu mkubwa katika hilo. Kila mtu amefanya lililo jema kwa watoto wake, na watoto hao hao ndio watakaotembea kwenye uchochoro.

Mambo hayakuwa lazima yawe hivyo, na Dar es Salaam yenyewe ni shahidi. Katikati ya miaka ya 1970 Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja vyenye huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa kabla ya watu: barabara zikakatwa, maji yakafikishwa, viwanja vidogo vikagawiwa, na kila familia ikajijengea kwa uwezo wake. Sehemu nyingine ya mradi huo huo ilikwenda Manzese, ambako watu walikuwa wameshajenga. Huko barabara na maji viliingizwa katikati ya nyumba zilizokuwepo. Miaka arobaini baadaye mwanauchumi Guy Michaels na wenzake walizifuatilia sehemu za namna hizo mbili katika miji saba ya Tanzania, na mwaka 2021 wakachapisha walichokiona. Maeneo yaliyopimwa kabla yana nyumba kubwa zaidi na bora zaidi, na mitaa iliyonyooka. Yale yaliyorekebishwa baadaye hayakuonyesha tofauti kubwa na yale ambayo hayakuguswa. Sehemu ya tofauti inatokana na aina ya watu waliohamia kila mahali, jambo ambalo watafiti hawakulificha. Lakini mtu akitembea leo kutoka Manzese hadi Sinza, safari ya nusu saa hivi kwa miguu, miguu yenyewe itamwambia ni wapi kamba ilitangulia na ni wapi ilichelewa.

Jambo la kutia moyo katika mfano wa Sinza ni uchache wa kilichotolewa. Serikali haikujenga nyumba. Iliweka mistari, ikaweka maji, ikaondoka. Baa, gesti na maduka ya vipodozi vimejaa Sinza tangu hapo na hakuna mchoro uliovitabiri, lakini vyote vimejipanga kando ya mistari ile.

Jaribio la pili kubwa lilikuja mwaka 2002, Wizara ya Ardhi ilipoanzisha Mradi wa Viwanja 20,000. Toangoma, Kibada, Kisota, Gezaulole, Mwanagati, Buyuni, Mbweni, Bunju: majina haya, ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya wakulima na wavuvi, yakaingia katika mazungumzo ya ofisini. Wenye mashamba walilipwa fidia, viwanja vikapimwa, vikauzwa, na fedha zikarudisha mkopo wa Hazina. Kwa idadi ya viwanja mradi ulifanikiwa. Kwa mengine ulifundisha zaidi kuliko ulivyofanikiwa. Barabara zilichongwa lakini maji na umeme vilichelewa, kwa hiyo viwanja vingi vilikaa nyasi kwa miaka huku wenyewe wakingoja bei ipande. Waliolipwa fidia hawakuweza kununua tena pale pale walipokuwa wakilima. Wengi walisogea mbele wakanunua shamba jingine lisilopimwa, na mbele huko wakaanza kuuza ishirini kwa ishirini. Mradi wa kuzuia ujenzi usio na mpango ukawa umeusukuma hatua kadhaa ndani zaidi ya pori.

Hata hivyo ni afadhali barabara inayongoja maji kuliko maji yanayongoja barabara. Bomba linaweza kufukiwa mwaka wowote chini ya ardhi ambayo ni ya umma. Ardhi ya umma haiwezi kuchimbuliwa kutoka chini ya vyumba vya watu bila machozi. Jiji linalijua hilo kwa rangi nyekundu: alama ya X ukutani, tingatinga asubuhi, kama ilivyokuwa mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, hifadhi ya barabara ilipodaiwa kwa watu waliokuwa wamejenga, wamezaa na kuzika hapo.

Mpangamiji Shlomo Angel, aliyetumia miaka mingi kupima jinsi miji ya dunia inavyotanuka, ametoa ushauri ulio mwepesi kiasi cha kukera: kabla mji haujafika, nunua njia za barabara kuu tu, zenye upana wa mita 30 hivi, zikiachana kwa kilomita moja, na uziache vumbi tupu. Ethiopia imejaribu kitu cha namna hiyo katika miji kadhaa, ukiwemo Hawassa. Kwa hesabu, njia hizo hula takriban asilimia 6 ya ardhi. Uchochoro wa ndani utabaki kuwa wa majirani wenyewe kuamua, lakini basi litafika, bomba kuu litafika, na hakuna mtu atakayekuwa mbali na njia kubwa zaidi ya nusu kilomita. Fidia ya asilimia 6 ya mashamba ya mikorosho leo ni mzigo. Fidia ya ukanda huo huo baada ya miaka kumi na tano, ukiwa na nyumba, visima na makaburi, haitalipwa na serikali yoyote inayopenda kuchaguliwa tena.

Tatizo la ushauri wa Angel katika mazingira haya ni ulinzi. Ardhi isiyo na mtu, Dar es Salaam, huonekana kuwa ni ardhi iliyosahauliwa. Hilo linaleta suala la maeneo ya wazi na ya kijani, ambalo katika mazungumzo ya ukingo wa jiji huja mwisho, likija.

Kuna sababu ya watu kulitilia shaka. Uwazi katika mji huu ulianza kama ukuta. Mnazi Mmoja, ambapo leo watu hupumzika na kufanya sherehe za taifa, paliachwa wazi na wakoloni ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mitaa ya Wahindi na Wazungu, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Mpango wa 1949 nao uliyatumia mabonde na mikanda ya upepo kutenganisha mitaa ya msongamano mbalimbali, na msongamano ulikuwa jina la adabu la rangi. Kijani kingi kilibaki Oysterbay. Baada ya uhuru, viwanja vingi vya wazi vilivyochorwa katika mitaa iliyopimwa viliendelea kuliwa kimya kimya: pembe moja kibanda, pembe nyingine kanisa au msikiti, katikati gereji, hadi siku moja ikaonekana hati. Barabara ya Sinza imedumu kwa sababu kila siku maelfu wanaikanyaga. Uwanja wa watoto hukanyagwa na watoto, nao hawana muhuri.

Na bado jiji hili limeandikwa kwa miti. Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mbuyuni, Mikocheni, Mikoroshini, Mnazi Mmoja. Miti hiyo ilikuwa maeneo ya wazi kabla wataalamu hawajatunga msamiati wake: chini ya mwembe palikuwa baraza, soko, kituo cha kungojea gari, mahakama ya ndoa zilizoyumba. Hata leo ukingoni, siku za mwanzo, mwembe mmoja wa shamba la zamani huwa ndio uwanja wa mtaa. Madereva wa bodaboda huegesha hapo, mama lishe hubandika sufuria. Kisha kipande chenye mwembe huuzwa kama vingine, tena kwa bei nzuri kwa sababu ya kivuli, na mnunuzi huukata ili aweke msingi. Ni adimu sana kusikia muuzaji akisema: hiki hakimo.

Mahali ambapo gharama ya yote haya hukutana ni bonde la Msimbazi. Mto huo huanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, hukatiza jiji zima, hupita Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salender. Mvua iliyonyesha Pugu wakati kulikuwa na msitu na mikorosho ilinywewa na udongo kwa sehemu kubwa. Mvua ile ile ikinyesha juu ya mabati, saruji na vichochoro vilivyoshindiliwa kwa miguu haina pa kunywewa. Hukimbia, ikibeba mchanga, na hufika Jangwani kwa saa chache. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini, na waliookolewa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande, ukingo wa kaskazini, mbali na kibarua chao na mbali na wateja wao. Si wachache waliorudi. Tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yameanza kazi, na karakana yao iliwekwa pale pale Jangwani, kiasi kwamba mvua kubwa ikinyesha barabara hufungwa na jiji hugawanyika vipande viwili.

Watu wa bondeni hulaumiwa kwa kujenga bondeni, na sheria ya mazingira ya 2004, inayokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, husomwa kwao kwa sauti kubwa. Husomwa mara chache kwa mkazi wa juu, ambaye nyumba yake ni kavu, ambaye amesakafia ua wote kwa vitofali ili usiwe na tope, na ambaye maji yake yote ameyaelekeza barabarani. Mafuriko ya Jangwani hutengenezwa kwa sehemu Kinyerezi, Pugu na Gongo la Mboto. Kijani cha ukingoni, basi, si pambo la wenye nafasi. Ukanda wa miti kando ya kijito kimoja Kinyerezi ni sehemu ya ukuta wa nyumba ya mtu aliye Jangwani, mtu ambaye hatafika Kinyerezi maisha yake yote. Uangalizi wa namna hiyo, wa juu kwa ajili ya chini, hauwezi kutoka kwenye mauziano ya watu wawili na mashahidi wanne.

Kuna mtu wa tatu katika mauziano hayo ambaye hutajwa kidogo, kwa sababu hayupo. Yuko Leicester, Houston, Muscat au Dubai. Fedha nyingi zinazoigeuza mikorosho kuwa viwanja hutoka kwake, zikipita kwenye simu ya kaka au shangazi. Anatumiwa video: mkono unaonyesha nyasi, sauti inasema "unaona, flati kabisa, umeme uko pale." Anauliza maswali ya mtu makini. Je, kuna hati? Kutoka lami ni umbali gani? Muuzaji ana ndugu wengine? Haulizi njia ni ya upana gani wala maji ya mvua huelekea wapi, kwa sababu maswali hayo ni ya mtu anayekaa mahali, naye bado hajakaa. Na ikiwa ameshachukua uraia wa nchi nyingine, kwa miaka mingi sheria ya ardhi ilimfungia mlango isipokuwa kwa uwekezaji, hivyo kiwanja kiko kwa jina la mama, na yeye ana sauti katika kila jambo bila kuwa na sahihi katika lolote.

Baada ya kununua, jambo la kwanza analofanya ni uzio. Ni haki yake kuogopa. Asiye karibu huvamiwa. Lakini hapo ndipo lilipo jambo lisilosemwa. Jirani mkazi hupanda minyaa, na minyaa ikibidi hung'olewa ikarudishwa nyuma kwa maelewano ya asubuhi moja. Aliye mbali hujenga tofali, nguzo za zege na vipande vya chupa juu. Nyumba yenyewe itafuata taratibu, msingi mwaka huu, lenta mwaka wa tatu, kupaua Mungu akipenda, na mlinzi ataishi katika pagala hilo hadi watoto wake waanze shule. Uzio umekamilika tangu mwezi wa kwanza. Upana wa uchochoro, ambao ungeweza kubaki jambo la mazungumzo, umeshamwagiwa zege na mtu ambaye hajawahi kuupita.

Wasomaji walioko Muscat wanaweza kusema kwamba kwao mambo ni kinyume, na ni kweli kwa sehemu. Oman huwagawia raia wake viwanja vya makazi, wake kwa waume tangu 2008, na kipimo kilichozoeleka ni mita za mraba 600. Mistari imenyooka na barabara ina upana wake kwenye ramani kabla ya mtu wa kwanza kumwaga msingi. Matokeo yake ni jiji lililojinyoosha kando ya pwani kupita Seeb hadi Barka, lenye viwanja vitupu vinavyongoja wenyewe na huduma zinazokimbizana na umbali. Kimbunga Gonu kilipopiga Juni 2007, maji ya wadi yalipita katikati ya mitaa ya Qurum, barabara nzuri zikageuka mifereji. Mstari ulionyooka hausaidii ikiwa aliyeuchora hakushuka bondeni kuangalia mahali maji yalipozoea kupita.

Upande wa Chanika, urasimishaji unapofika mtaani, yote haya hushuka kuwa suala la sentimita. Mpima anasema ramani haitapita bila njia ya mita 6. Iliyopo ina mita 3 na kidogo. Majirani wanakutana Jumapili saa nne asubuhi, viti vya plastiki vimekopwa msibani. Wote wenye minyaa wamekubali kurudi nyuma, wengine kwa kununa. Umebaki ukuta mmoja wa tofali. Mwenyewe yuko Houston, ambako ni saa nane usiku, na uso wake uko kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jagi la maji. Anasema ukuta ule umemgharimu, na kwamba alinunua mita ishirini, hakununua kumi na nane. Hakuna anayemwambia kuwa hana haki.

Bibi aliyekuwa mwenye shamba, ambaye ndiye aliyewauzia karibu wote waliopo, anaomba simu isogezwe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hapo ulipojenga palikuwa njia yetu ya kisimani. Mimi ndiye niliyeiuza. Nilikuwa na mgonjwa."

Kunakuwa kimya, kisha yule wa Houston anauliza ni mita ngapi hasa zinazotakiwa kwake. Fundi anainuka, anashika futi, mtoto mmoja anakimbia na ncha ya pili hadi kwenye minyaa ya upande wa pili. Fundi anasoma kwa sauti ili simu isikie: mita moja na sentimita arobaini.